Bia ya kegi nyumbani, Mbeya hadi Njombe: mashine ya mezani, presha na povu

Mashine ya bia ya mezani ikitoa povu tupu, wengi hukimbilia kupunguza gesi. Kosa hilo ndilo linalomwaga bia nyingi kuliko yote katika nyumba za Nyanda za Juu Kusini. Mbeya mjini iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 18 ukilinganisha na Dar es Salaam au Tanga. Gesi iliyoyeyuka ndani ya bia inatafuta kutoka, na huku juu kinachoizuia ni kidogo. Ukiipunguzia presha kegi, yaani pipa dogo la bia, gesi inaachana na bia humo humo ndani na kwenye mpira unaopeleka bia kwenye koki. Glasi ya kwanza huonekana imetulia, ya tatu na ya nne zinakuwa povu mpaka chini, halafu bia inayobaki inapooza kama maji ya jana.

Upande wa baridi, huku tuna bahati. Mashine ndogo inayohangaika Dar kwenye joto la nyuzi 32 hufanya kazi yake Mbeya, Iringa au Njombe bila shida. Kwa hiyo mwongozo huu unatumia muda mwingi kwenye presha na usafi, na kidogo tu kwenye kupoza.

Mashine ipi ununue

Ziko za aina tatu unazoweza kukutana nazo. Ya kwanza hupokea kegi ya bati ya lita 5 na kuisukuma kwa kichupa cha gesi ya kaboni dioksidi cha gramu 16 kinachofungwa ndani ya mashine. Ya pili hupoza tu, kwa sababu kegi yenyewe ina gesi yake ndani. Kegi ya Heineken ya lita 5 iko hivyo. Ya tatu hukubali kegi za kampuni moja peke yake, zenye umbo lake. Hiyo ya tatu iache, hata kama bei yake inavutia, mpaka uwe umeshaona kwa macho yako duka la karibu linalouza kegi zake mwaka mzima. Bila hizo, mashine inabaki pambo la kabati.

Kwa mkazi wa huku, chaguo letu ni la kwanza, na liwe na kitasa cha kurekebisha presha pamoja na geji. Pamoja nayo nunua kegi ndogo ya chuma cha pua ya lita 4 au 5 inayojazwa upya, ili usitegemee kegi za bati za dukani. Lita 5 ni sawa na chupa 10 za mililita 500, kiasi kinachowatosha watu wanne jioni moja ya nyama choma.

Kabla ya kulipa, geuza mashine usome kibandiko cha nyuma. Iandikwe volti 220 hadi 240 na hezi 50. Zinazoletwa kutoka Marekani nyingi ni za volti 110, na ukiichomeka moja kwa moja kwenye umeme wetu inaungua palepale. Angalia pia vichupa vya gesi: vipo vyenye uzi wa skrubu shingoni na visivyo na uzi, na kimoja hakiingii mahali pa kingine. Nunua angalau sita siku hiyo hiyo.

Umeme hauli sana. Mashine ya wati 70 ikiwaka saa 24 mfululizo inakula uniti 1.7 hivi za LUKU. Hatari kubwa ni umeme kukatika na kurudi kwa kishindo, kwa hiyo ichomeke kwenye kile kifaa cha kulinda friji.

Kuijaza kegi ya chuma

Kama baa ya karibu inauza bia ya kegi na mwenyewe anakubali kukujazia, kazi hii ina utaratibu wake. Kegi yako ifike ikiwa baridi. Ilaze kwenye friji usiku kucha. Bia baridi ikiingia kwenye chuma chenye joto inachemka povu, nawe unalipia lita tano na kuondoka na tatu na nusu.

Ipulizie gesi kidogo kutoka kwenye kichupa, halafu ifungue, ili hewa ya ndani itoke. Oksijeni ndiyo adui wa ladha: bia iliyokutana nayo huanza kunuka kama karatasi iliyolowa. Kisha chomeka mpira safi kwenye koki ya baa, mwisho wake ufike chini kabisa ya kegi, na bia ijae kutoka chini kwenda juu, taratibu. Acha nafasi ya vidole viwili juu. Funga, puliza gesi, achia kidogo kwenye vali, puliza tena. Bia iliyojazwa hivi inywewe ndani ya siku tatu hadi tano, ikikaa baridi muda wote. Anayeujua ulanzi wa Iringa, pombe ya mianzi, ataelewa haraka, maana mtogwa wa asubuhi, ulio mbichi na mtamu, si ulanzi wa jioni. Bia ya kiwandani huchelewa kubadilika, lakini ikishahamishwa kutoka kegi yake ya kwanza saa inaanza kuhesabu.

Safari ya kurudi nyumbani ni ya kuangalia. Kegi iliyopanda bodaboda kutoka Mwanjelwa hadi Uyole, au iliyoteremka na kona za Tukuyu, imetikiswa vya kutosha. Iache itulie wima kwa saa 12 kabla ya kugusa koki. Kama ni ya sherehe ya Jumamosi, ichukue Ijumaa.

Kupoza

Bia nyepesi za kawaida, lager, huwa tamu zaidi kwa nyuzi 3 hadi 5. Mashine nyingi ndogo hazina kompresa. Hupoza kwa kibamba cha umeme na feni, na uwezo wake ni kushusha joto nyuzi 20 hivi chini ya joto la chumba, basi. Sebule ya Mbeya yenye nyuzi 18 hadi 20 inafaa kabisa. Lakini hupoza polepole: kegi ya lita 5 iliyotoka kwenye joto la chumba inaweza kuhitaji saa 12 hadi 20. Ndiyo maana kegi inatakiwa ianzie kwenye friji, na mashine iendeleze tu ubaridi uliopo.

Nyuma ya mashine acha sentimita 10 za wazi ili feni ipumue. Usiiweke karibu na jiko la mkaa linalowashwa ndani wakati wa kipupwe, na usiiweke dirishani panapopigwa na jua la mchana. Jua la huku ni kali hata siku yenye upepo wa baridi.

Umeme ukikosekana, chukua ndoo ya lita 20, weka kegi, barafu kilo 3, kisha maji mpaka shingo ya kegi. Maji ndiyo yanayobeba baridi. Barafu peke yake hugusa kegi sehemu chache tu. Baada ya saa moja hadi moja na nusu bia iko tayari. Juni na Julai unaweza hata kuiacha kegi barazani usiku, sehemu yenye kivuli. Tahadhari ni kwa watu wa Makete, Kitulo na baadhi ya maeneo ya Njombe ambako sakitu huanguka: bia huanza kuganda kwenye nyuzi 2 hivi chini ya sifuri, na kegi iliyoganda inaweza kupasuka mshono. Huko iingize ndani.

Presha: hapa tulia

Bia nyingi za lager zina gesi kiasi ambacho, zikiwa na nyuzi 4 kwenye usawa wa bahari, zinahitaji bar 0.8 hivi (bar ni kipimo cha presha) kwenye geji ili gesi isitoke wala isiongezeke. Geji nyingine husoma kwa kipimo kingine, psi, na hiyo ni 11.6. Geji hupima tofauti kati ya presha ya ndani na hewa ya nje. Hewa ya nje ikiwa nyepesi, inabidi uongeze kile kilichopungua. Kyela, iliyo kando ya Ziwa Nyasa kwenye mita 500 hivi, nyongeza ni ndogo, weka 0.85. Iringa mjini na Mbeya mjini weka bar 1.0, yaani psi 14.5. Njombe, inayokaribia mita 2,000, ongeza kidogo tu juu ya hapo. Kitulo fika 1.1. Kabla ya kuongeza soma kegi yenyewe: kegi za bati ni nyembamba, na kiwango cha juu kilichoandikwa hakivukwi kwa sababu yoyote. Ukiona kitako cha kegi ya bati kimefura, presha imeshazidi; ifungue taratibu, nje, uso ukiwa mbali.

Mashine isiyo na kitasa cha presha huja imepangwa kiwandani, kwa kawaida kwa ajili ya miji ya tambarare. Hiyo usiihangaikie kwa bisibisi. Tumia baridi badala ya gesi: shusha bia hadi nyuzi 2. Kwenye nyuzi 2 mahitaji ya presha hupungua kwa bar 0.13 hivi, jambo linalofidia sehemu kubwa ya kile mwinuko wa Mbeya ulichokunyang'anya. Bia ikiingia kwenye glasi ya joto la chumba itapanda yenyewe hadi nyuzi 4 au 5.

Kichupa cha gramu 16 kinatosha lita 5 kwa presha ya chini. Kwa bar 1.0, kegi ikikaribia kuisha utaona mtiririko unalegea; hapo gesi imekwisha, si mashine iliyoharibika. Weka kichupa cha pili tayari. Kukibadilisha, geuza kitasa cha presha hadi sifuri, fungua polepole mpaka usikie mlio umekoma, ndipo ukitoe. Kikiwa kimetumika muda si mrefu kinakuwa baridi sana kiasi cha kunata kwenye ngozi, kwa hiyo tumia kitambaa.

Kila unapofunga gesi, paka povu la sabuni kwenye maungio yote ukitumia brashi ya rangi ya zamani iliyo safi. Viputo vikikua mahali, kuna kuvuja. Mara nyingi ni oringi, ile pete ya mpira ya kuzuia kuvuja, iliyokauka: itoe, ioshe, ipake tone la grisi ya silikoni ya vyakula, irudishe. Mafuta ya kula au grisi ya gari hayafai, yanaua povu na kuacha harufu.

Kumimina

Glasi kwanza. Povu la bia linauawa na mafuta, na glasi iliyooshwa kwenye beseni moja na sahani za kitimoto imebeba mafuta hata kama inang'aa. Ioshe peke yake, kwa sabuni kidogo isiyo na losheni, isuuze kwa maji mengi, iache ikauke kichwa chini kwenye waya. Kitambaa cha jikoni kisiiguse. Jaribio lake ni rahisi: ichovye kwenye maji safi na uitoe. Maji yakiteremka kama pazia moja, glasi iko safi. Yakivunjika matone matone, rudia. Na kipindi cha baridi, midomo ikipasuka, watu hujipaka mafuta ya mgando. Glasi ya aliyejipaka itapoteza povu baada ya mafunda mawili. Huyo mpe tishu kabla ya glasi.

Suuza glasi kwa maji baridi sekunde moja kabla ya kumimina. Iinamishe nusu, ukingo wake karibu na koki lakini usiguse, wala koki isizame ndani ya bia. Kisha fungua koki yote kwa mkupuo mmoja. Koki iliyofunguliwa nusu ni kama mpira wa bustani uliobanwa kidole: bia inapita kwa fujo na kuvunjika kuwa povu. Glasi ikifika theluthi mbili, isimamishe wima taratibu na uache bia ianguke katikati, povu lipande sentimita 2 au 3. Funga kwa mkupuo uleule.

Glasi ya kwanza ya jioni huwa na povu zaidi kwa sababu koki yenyewe ina joto. Hilo ni la kawaida. Mimina robo, subiri, endelea. Usianze kugusa kitasa cha presha kwa ajili ya glasi ya kwanza.

Povu likiendelea baada ya glasi tatu, tazama mpira unaotoka kwenye kegi kwenda kwenye koki, kama unaonekana. Vipovu vikikusanyika ndani ya mpira wakati koki imefungwa, gesi inatoka kwenye bia: presha ni ndogo au bia ina joto. Pima joto la bia iliyo kwenye glasi ya pili. Likizidi nyuzi 6, tatizo ni joto, rudisha kegi kwenye barafu. Likiwa sawa, ongeza presha kwa bar 0.1, ngoja dakika 15, mimina tena. Lakini mpira ukiwa hauna vipovu na bia ikiruka kwa nguvu mpaka inagonga kitako cha glasi, hapo presha imezidi. Punguza kwa 0.1, achia gesi ya ziada kwenye vali. Na kama bia inatoka kwa kukohoakohoa, povu na hewa kwa zamu, kegi imekaribia kuisha au oringi ya bomba la ndani inavuta gesi.

Sherehe ya watu wengi

Kwa kipaimara au send-off ya watu 15, lita 5 hazina maana. Chukua kegi ya lita 30, sawa na chupa 60 za nusu lita, pamoja na mashine ya mezani yenye kompresa inayopoza bia ikiwa inapita kwenye koili. Iwashe angalau saa moja kabla ya wageni. Kichwa cha kuunganishia, kopla, kinatofautiana kati ya kegi na kegi. Nenda na picha ya karibu ya mdomo wa kegi unapokwenda kukodi.

Hapa gesi hutoka kwenye mtungi wa kilo 5 au zaidi, wenye rigileta, kifaa cha kupunguza na kupanga presha. Mtungi usimame wima na ufungwe kwa mnyororo au kamba kwenye kitu imara. Geji ya upande wa mtungi haikwambii gesi iliyobaki: ndani kuna gesi iliyo katika hali ya kimiminika, na presha yake hufuata joto tu. Kwa nyuzi 20 husoma bar 57 hivi, kwa asubuhi ya nyuzi 10 husoma 45. Mtu wa Mbeya akiona sindano imeshuka alfajiri hudhani ameuziwa mtungi nusu. Pima kwa mizani, toa uzito wa mtungi mtupu uliogongwa shingoni, utapata jibu la kweli. Wakati wa kununua sema wazi kwamba unataka gesi ya vinywaji. Ile ya kuchomelea vyuma au ya mitungi ya zimamoto haikutengenezwa kwa ajili ya tumbo la mtu.

Kaboni dioksidi ni nzito kuliko hewa na hutulia chini. Kilo moja ikivuja hujaza lita 540 hivi za gesi. Huku tuna tabia ya kufunga madirisha yote kwa sababu ya baridi. Chumba chenye mtungi kiachiwe dirisha wazi, na watoto wasilazwe sakafuni humo. Mtu akianza kuumwa kichwa ghafla au kuhema haraka, toeni watu nje kwanza, mtungi baadaye.

Usafi

Sehemu hii ndiyo inayorukwa, halafu kiwanda kinalaumiwa. Bia yenye ladha ya siki ina bakteria walioota kwenye mdomo wa koki. Yenye ladha ya siagi, mara nyingi mpira ni mchafu. Hakuna presha wala baridi inayoponya hayo.

Kila kegi inapoisha, siku hiyohiyo, pitisha lita mbili za maji ya vuguvugu, nyuzi 40 hivi, kwenye mpira na koki. Maji ya moto sana yanalegeza mpira. Msimu wa mvua, maji ya bomba yakija na udongo, yachuje na kuyachemsha kwanza, uyaache yapoe. Kila wiki mbili kama mashine inatumika, tumia dawa ya alkali ya kusafishia mipira ya bia kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa yake, iache ndani dakika 20, kisha suuza mpaka maji yasiteleze tena vidoleni. Vaa glavu na ulinde macho, dawa hiyo inachubua. Jiki usiitumie kwenye chuma cha pua, inakila na kuacha vitobo, na ikikutana na dawa ya asidi inatoa gesi ya sumu.

Koki ifunguliwe vipande vyote. Ndani, nyuma ya oringi ya chini, utakuta utando wa kahawia unaoteleza. Huo ndio unaonuka kama siki. Utoe kwa brashi ndogo ya meno iliyotengwa kwa kazi hiyo, hadi ncha ya bomba ionekane nyeupe.

Mashine ikienda kupumzika kwa mwezi au zaidi, itoe kichupa cha gesi hata kama hakijaisha, ning'iniza mpira ukauke pande zote mbili, na mlango wake uache wazi kidogo. Koki ihifadhiwe ikiwa imefunguliwa vipande ndani ya mfuko wa kitambaa, maana wa plastiki huhifadhi unyevu na ukungu hautachelewa.